scanf na nafasi tupu: nani anaimeza, na lini?

Ndugu zangu, scanf ni funksheni ya lugha ya C inayosoma anachoandika mtumiaji, na nafasi tupu ni space, tab na mstari mpya. Tuanze na mistari hii, ambapo %d inasoma namba kamili na %c inasoma herufi moja:

scanf("%d", &umri);
scanf("%c", &jibu);

Mtumiaji anaandika 25, anabonyeza Enter, na programu inapita bila kumngoja aandike jibu. Kompaila haina kosa. %d imesoma tarakimu zake ikasimama mbele ya herufi ya mstari mpya. Herufi hiyo imebaki kwenye bafa (sehemu ya kumbukumbu inayotunza maandishi ambayo hayajasomwa), na ndiyo iliyoingia katika jibu.

Miongozo mingi husema tu kwamba scanf huruka nafasi tupu, bila kueleza lini. %d, %f (namba za desimali) na %s (neno) huruka nafasi iliyo mbele yao kabla ya kusoma. Iliyobaki nyuma haziigusi. %c, %[ (herufi za kundi ulilolitaja) na %n (idadi ya herufi zilizosomwa mpaka hapo) haziruki chochote. Kwa hiyo andika " %c", ukitanguliza nafasi moja.

Na nafasi hiyo ya ndani ya fomati (maandishi yaliyo ndani ya alama za nukuu) ni amri. Iwe moja au kumi, iwe \t (tab) au \n (mstari mpya), maana yake haibadiliki: meza nafasi tupu zote zilizopo, hata kama hakuna, mpaka ikutane na herufi isiyo tupu. Ndiyo maana scanf("%d\n", &n) huonekana imeganda. Wengi hudhani \n hapo inangoja Enter. Kumbe kila Enter unayobonyeza inamezwa, na programu inazidi kungoja.

Koma nayo ina vituko vyake. "%d,%d" ikipewa 3, 4 hufaulu, kwa kuwa %d ya pili inaruka nafasi. Ikipewa 3 ,4 hurudisha 1, yaani imesoma namba moja tu, maana koma ni herufi ya kawaida na haivumilii nafasi mbele yake. "%d ,%d" hupokea zote mbili. Ila %%, inayosoma alama ya % na kufanana na herufi ya kawaida, huruka nafasi kwanza. Na nafasi zilizorukwa hazihesabiwi katika upana (idadi ya juu ya herufi za kusoma, kama 3 katika %3d), hivyo "%3d" ikikuta nafasi tano kisha 1234 husoma 123 na kuacha 4.

Kwa data inayokuja mstari kwa mstari, mimi ningeachana na scanf. Ningesoma mstari mzima kwa fgets na kuuweka katika s, ambayo ni safu ya char, kisha ningeuchambua kwa sscanf, inayofanya kazi kama scanf ila husoma kutoka kwenye maandishi hayo:

int n, k = 0;
if (fgets(s, sizeof s, stdin) &&
    sscanf(s, "%d %n", &n, &k) == 1 && s[k] == '\0')

Nafasi iliyo kabla ya %n inameza mstari mpya, %n inaweka idadi ya herufi zilizosomwa bila kuongeza hesabu inayorudishwa, na 25abc inakataliwa.