Ruta Iko Kidakani

MAKAME: Assalaam alaykum wasikilizaji, karibuni tena. Leo dada Zuhura kaja na daftari, na ndani yake naona kaandika mambo matano kuhusu waifai inayokatakata, kila moja kalipigia mstari. Tuanze na la kwanza, ama tuanze na kisa?

ZUHURA: Tuanze na kisa, maana bado kinaniuma. Mnajua tangu bi mkubwa aumie mguu nimehamia kwake Malindi, kule Mji Mkongwe. Kompyuta yangu ya mezani nimekwenda nayo, nimeiweka chumba cha nyuma. Mama anakaa ukumbini ili asipande ngazi. Jumatatu usiku nina darasa la hesabu, watoto 14, wengi wako Pemba na wawili wako Maskati. Tumo kwenye eneo la pembetatu, waifai ikakata. Ikarudi. Ikakata tena. Kwa saa moja na nusu nimehesabu mara tisa. Niliporudi mara ya tisa nikakuta wamebaki wanne.

MAKAME: Na hao wanne walikuwa wanafanya nini?

ZUHURA: Wanafundishana. Mmoja kachukua nafasi yangu, anawaeleza wenzake kimo ni kipi na kitako ni kipi. Makame, nililia. Wazazi wao wanatia bando kwa kujibana, mtoto anakaa na simu moja ya nyumba nzima kunisubiri mimi, halafu mimi ndiye ninayepotea.

MAKAME: Pole sana. Ukafanyaje?

ZUHURA: Nikafanya wanalofanya wengi, nikapiga simu kwa kampuni inayotuuzia intaneti. Mara tatu kwa siku mbili. Kila mara naambiwa zima ruta, kile kifaa kinachogawa waifai nyumbani, subiri nusu dakika, washa. Nikizima na kuwasha inatulia robo saa, halafu yale yale.

MAKAME: Kwa hiyo kuzima na kuwasha si dawa?

ZUHURA: Inatuliza, lakini haikuambii maumivu yako wapi. Na hili ndilo jambo langu la kwanza daftarini. Kompyuta inazungumza na ruta. Ruta inazungumza na kampuni. Kampuni inazungumza na ulimwengu. Ni safari tatu, lakini sisi tukiona kile kiduara kinazunguka tunailaumu kampuni moja kwa moja. Kwanza uijue safari gani imevunjika. Kwenye Windows unafungua lile dirisha jeusi la amri, unaandika ipconfig, inakuonyesha anwani ya ruta yako. Kwetu ni 192.168.1.1. Halafu unaandika ping, unaipa anwani ile. Kompyuta inabisha hodi kwa ruta na kungoja iitikiwe. Ukiiacha hivyo inabisha mara nne tu, na mara nne hazitoshi kwa ugonjwa unaokuja na kuondoka. Andika ping -n 100, ibishe mara mia.

MAKAME: Na ikaitikiwa?

ZUHURA: Mara 73. Hodi 27 zimepotea, ndani ya nyumba moja! Hazijafika hata barazani, seuze kwa kampuni. Nikachukua simu yangu nikakaa ukumbini, waifai ile ile, safi kabisa. Kwa hiyo kampuni haimo. Maradhi yako baina ya chumba cha nyuma na ruta.

MAKAME: Ruta yenyewe iko wapi?

ZUHURA: Kidakani.

MAKAME: Kidaka kipi?

ZUHURA: Kile cha ukumbini, kushoto ukiingia.

MAKAME: Kile chenye nakshi ya chokaa pembeni? Chenye sahani za bibi?

ZUHURA: Hicho hicho. Sahani mbili, mrashi, ruta, na mbele yake sinia la shaba limesimamishwa.

MAKAME: Subhanallah. Zuhura, ngoja kidogo. Wasikilizaji wengine hawajapata kukaa nyumba ya mawe. Kidaka ni uwazi ulioachwa ndani ya unene wa ukuta tangu nyumba inajengwa. Hakikuchongwa baadaye. Fundi anajenga huku anakiacha. Lamu wanaviita zidaka, na nyumba za wenyewe zilikuwa navyo ukuta mzima, safu juu ya safu, ndani mmewekwa vyombo vya kaure kutoka Uchina. Mgeni akiingia macho yake yanakwenda hapo. Sasa niambie, nani aliyeiweka ruta pale?

ZUHURA: Mama. Fundi wa kampuni alitaka kuitundika juu ya mlango, mama akakataa asipigilie msumari. Akasema kitu cha thamani mahali pake ni kidakani. "Hiki ndicho kinachonikutanisha na mdogo wangu kila usiku, nikiweke chini kama kiatu?"

MAKAME: Maneno hayo! Mimi babu yangu alikuwa fundi wa chokaa, na sijasikia mtu akakieleza kidaka vizuri kuliko hivyo. Miaka mia na zaidi ukuta ule ulikuwa unangoja kitu cha kuwekwa pale.

ZUHURA: Lakini ukuta ule ndio unaoniua, Makame. Nimeupima kwa futi ya kamba, sentimita 58. Na baina ya ukumbi na chumba changu kuta ziko mbili.

MAKAME: Lazima. Ule ni ukuta wa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo. Unabeba dari ya boriti za mikoko na sakafu nzito juu yake. Umepata kujiuliza kwa nini vyumba vyetu vyote ni vyembamba na virefu? Ni boriti. Mkoko haukupi mti mrefu ulionyooka zaidi ya mita tatu hivi, kwa hiyo upana wa chumba umeamuliwa na mti wa pwani. Kila mita tatu unakutana na ukuta mwingine wa nusu mita.

ZUHURA: Na mawimbi ya waifai nayo yanakutana nao. Ruta nyingi za sasa zinatoa masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Mimi kompyuta nilikuwa nimeiunga kwenye 5, maana ya 5 ina kasi kubwa. Ina kasi, kweli, lakini inachoka upesi. Ile ya 2.4 inapenya ukuta vizuri zaidi. Nikahamia 2.4. Ipo amri nyingine, netsh wlan show interfaces, inakupa nguvu ya mawimbi kwa asilimia. Kompyuta ilipokuwa ukumbini asilimia 98. Chumba cha nyuma, kwenye 2.4, asilimia 34.

MAKAME: Na sinia?

ZUHURA: Nililiondoa, ikapanda 45. Shaba inayarudisha mawimbi yalikotoka, na nyuma na pande zote mbili ruta imezungukwa na mawe. Hebu fikiria mtu anaita kutoka ndani ya pango halafu umemwekea mlango wa chuma.

MAKAME: Lakini sinia lilikuwa limesimama pale tangu lini?

ZUHURA: Tangu arusi ya mama.

MAKAME: Umelirudisha?

ZUHURA: Nimelirudisha kidaka cha pili. Makame, tuna jambo la pili daftarini na nataka tulifikie, maana hili litamsaidia mtu ambaye hana ukuta wa nusu mita. Kompyuta yangu ya mezani haina waifai ndani, ina kale kadude kadogo kanakochomekwa kwenye USB. Nilikuwa nimekachomeka nyuma ya kasha la kompyuta, na tundu la jirani nimechomeka diski ya nje ya USB 3.0, ninayohifadhia masomo. Nikaona kitu. Baada ya kuhamia 2.4, darasa likikata, mara nyingi ile diski ilikuwa inanakili mafaili.

MAKAME: Vinahusiana vipi?

ZUHURA: USB 3.0 ikipitisha data inatoa kelele ya redio, na kelele hiyo inaingia katika masafa yale yale ya gigahezi 2.4. Intel wenyewe waliandika waraka kulieleza hilo mwaka 2012. Kwa hiyo kadude kangu kalikuwa kanatafuta sauti dhaifu kutoka kidakani huku jirani anatwanga sikioni. Nikanunua waya wa kurefusha USB, mita moja na nusu, nikakatoa kale kadude nyuma ya kasha nikakaweka juu ya kabati, mbali na diski. Ping mia, zikapotea sita.

MAKAME: Kutoka 27 mpaka sita! Basi umekwisha tatua.

ZUHURA: Sita kwa mia bado ni mtoto haelewi. Sauti inakatika katikati ya neno. Nikaitoa ruta nikaiweka juu ya meza karibu na mlango wa ukanda. Ikawa moja, wakati mwingine sifuri.

MAKAME: Na kidaka?

ZUHURA: Kikabaki kitupu. Usiku ule mama kamaliza kusali, kakitazama, hakusema kitu. Asubuhi nikakuta kaweka tasbihi yake pale ruta ilipokuwa. Nikairudisha ruta siku ile ile. Na ndipo nikaamua kwamba nitatoboa kuta nipitishe waya. Kompyuta ya mezani haitembei, haina haja ya waifai. Waya mmoja kutoka kwenye ruta mpaka kwenye kompyuta, kwisha.

MAKAME: Kutoboa?

ZUHURA: Tundu la milimita 12.

MAKAME: Hapana, Zuhura.

ZUHURA: Kidole changu ni kinene kuliko tundu hilo.

MAKAME: Nakuomba, hapana. Ukuta ule si tofali. Ndani yake mawe hayakukaa kwa safu, yamepangwa na kujazwa chokaa na udongo. Ukiingiza mashine inayotetemeka huna habari unalegeza jiwe gani. Na tundu utaliziba na nini? Fundi wa siku hizi atakuja na saruji. Saruji inafungia unyevu, ukuta wa chokaa unataka kupumua. Mwaka wa kwanza huoni kitu. Mwaka wa tano chokaa inabanduka kama ngozi.

ZUHURA: Nitaziba kwa chokaa. Babu yako kakufundisha, njoo uzibe wewe.

MAKAME: Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na bado nyumba zinaanguka. Sote tuliiona Beit el-Ajaib, lile jumba la zamani la Sultani, ilivyoporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Sisemi tundu la waya ndilo lililoiangusha. Nasema nyumba hizi zimechoka, na kila mmoja wetu anasema langu ni tundu dogo tu.

ZUHURA: Hiyo hiyo Beit el-Ajaib inasifika kuwa jumba la kwanza kupata umeme hapa Unguja. Waya uliingia, Makame. Waliokuwa na nyumba hizi hawakuzihifadhi ili tuzitazame, walizikaa. Mama yangu anaikaa. Na watoto 14 nao wanaikaa, kila Jumatatu na Alkhamis.

MAKAME: Basi pitisha waya ukandani.

ZUHURA: Bi mkubwa anatembea na mkongojo. Nimtandazie waya sakafuni?

MAKAME: Juu, basi. Ufungwe kwa kamba kwenye boriti, bila msumari. Mita 30 za waya zinatosha, na waya wa mtandao unafika mita 100 bila taabu.

ZUHURA: Boriti ziko karibu mita nne juu. Nani atapanda?

MAKAME: Mimi.

ZUHURA: Na siku panya akiukata, ukiwa umesafiri? Ninachotaka ni kitu ambacho mama akiwa peke yake hakimhitaji mtu kupanda ngazi.

MAKAME: Ukuta nao ukishalegea utamhitaji mtu kupanda ngazi.

ZUHURA: Unazungumza kama tundu hilo ni bomu.

MAKAME: Nawe unazungumza kama ukuta huo ni karatasi. Mama mwenyewe kasemaje?

ZUHURA: Kasema tutazungumza.

MAKAME: Hajakubali, basi.

ZUHURA: Wala hajakataa. Alikataa msumari juu ya mlango kwa sababu mlango una nakshi. Kuhusu ukuta kasema tutazungumza.

MAKAME: Akisema ndiyo, mimi bado nasema hapana.

ZUHURA: Na mimi Jumamosi nishapatana na fundi.

MAKAME: Jumamosi hii?

ZUHURA: Hii. Saa tatu asubuhi.

MAKAME: Saa mbili nitakuwa barazani. Nataka niugonge ule ukuta kwa kidole kabla hajaugusa. Pakilia patupu, asitoboe hapo.

ZUHURA: Njoo. Lakini ukigonga usimwambie mama maneno ya Beit el-Ajaib, atakosa usingizi.

MAKAME: Hilo sitamwambia. Na vile vidude vya kupokezana waifai, kimoja ukumbini, kimoja ukandani, umevifikiria?

ZUHURA: Ni jambo la nne daftarini.

MAKAME: La tatu je?

ZUHURA: La tatu ni Windows kukizima kifaa cha waifai ili kuokoa umeme, na jinsi ya kuizuia isifanye hivyo. La tano ni chaneli, kwa nini kwenye 2.4 unachagua moja, sita ama kumi na moja. Tumebakiza dakika ngapi?

MAKAME: Mbili, na anayeingia studio baada yetu kashasimama mlangoni.

ZUHURA: Basi hayo matatu hayaingii leo. Anayeteseka usiku huu aanze na ping -n 100 kwa ruta yake, na kadude ka waifai akaweke mbali na diski.

MAKAME: Hivi upande wa chumba chako, tundu litatokea juu ya meza ama chini?

ZUHURA: Chini, karibu na sakafu.

MAKAME: Chini ndipo penye unyevu zaidi.

ZUHURA: Makame, Jumamosi.

MAKAME: Jumamosi, inshallah. Nisalimie bi mkubwa.

ZUHURA: Zimefika.