Kipindi cha Leo: Masanja Watatu

REHEMA: Mwangaluka, Masanja. Au nisalimie wote watatu?

MASANJA: Umeanza.

REHEMA: Wasimulie, wasikilizaji hawajui.

MASANJA: Jumanne nilienda Mwaloni, Kirumba, kumchukulia mama dagaa. Getini kakaa kijana na kishikwambi, anahesabu wanaoingia. Nikaingia, akabonyeza. Nikakumbuka mfuko nimeuacha kwenye pikipiki. Kurudi, kabonyeza. Muuzaji naye hana chenji ya elfu kumi, nikatoka kuitafuta. Kurudi, kabonyeza tena! Namwambia mdogo wangu, ni mimi yuleyule. Ananijibu, "Kaka, mimi nimeambiwa nihesabu wanaoingia."

REHEMA: (anacheka) Na dagaa ulichukua kiasi gani?

MASANJA: Sado moja.

REHEMA: Kwa hiyo kila Masanja kanunua theluthi ya sado. Watasema biashara imeshuka.

MASANJA: Ingia kwenye mada, Rehema.

REHEMA: Mada ndiyo hiyo: fedha za serikali zigawanywe kwa namba? Wamarekani wana sheria ya 2018, ilisainiwa Januari 2019. Kila idara kubwa ya serikali lazima iwe na afisa wa tathmini, afisa wa data, na iandike maswali inayotaka kuyatafutia majibu. Fedha zifuate ushahidi.

MASANJA: Hapo umetia chumvi. Sheria inawadai watafute ushahidi. Kugawa fedha bado Bunge lao linagawa linavyoona.

REHEMA: Haya, chumvi nimetoa. Sisi tukitunga yetu, mimi nataka iwe kali zaidi: huna takwimu, huna fungu.

MASANJA: Sasa chukua kisiwa huko Ukerewe, hakina zahanati. Mjamzito anapanda mtumbwi, anajifungulia ng'ambo, anaandikwa kwenye daftari la ng'ambo. Kwao inasomeka sifuri. Sheria yako itawaambia hamna uhitaji.

REHEMA: Daftari la zahanati nani kakutuma usome? Soma sensa. Iliuliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Mkoa wetu wa Mwanza ukatoka na watu 3,699,872, na huyo mama yumo.

MASANJA: Kambi za dagaa je? Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawavuliki, watu wanarudi makwao. Giza likirudi, kambi inafurika, choo kimoja foleni mpaka majini. Utaandika idadi ipi?

REHEMA: Zote mbili, na tarehe zake. Bila namba mradi unaishia kijijini kwa mheshimiwa.

MASANJA: Na ukiwa na namba unaishia kwa mwenye kishikwambi.

REHEMA: Mheshimiwa huwezi kumkagua. Namba unaikagua.

MASANJA: Nani? Yule mama wa mtumbwini?

REHEMA: Usimtumie huyo mama kunikwepa.

MASANJA: Sikwepi. Yeye ndiye hoja yangu.

(kimya)

REHEMA: Sikubali.

MASANJA: Wala mimi. Na wale wenzangu wawili hawakubali. Kura tatu kwa moja.

REHEMA: Ona sasa, fundi ananyoosha kidole, dakika moja! Nilikuwa na mafunzo manne hapa, hata la kwanza sijalisoma.

MASANJA: Yakunje.

REHEMA: Dagaa lakini walimfikia mama?

MASANJA: Walifika. Akatoa kopo lake akapima upya. Kasema wamepungua.

REHEMA: Mmoja wenu kala njiani.