Umeshalipia Matibabu Uingereza, Usiugulie Chumbani

Habari zenu jamani, karibuni tena. Wazee wangu mnaotazama, shikamooni. Leo sizunguki mjini na kamera, nimekaa hapa mezani na hii karatasi. Ngoja niisogeze muione. Tarakimu kumi: tatu, tatu, halafu nne. Za mwisho nimezifunika kwa kidole kwa sababu ni siri yangu. Hii ni namba yangu ya NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya hapa Uingereza. Nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la nguo tangu mwaka jana, na kila nikifungua kabati nakumbuka nilivyoipata kwa kuchelewa.

Kilichonifanya nirekodi leo ni ujumbe wa juzi usiku. Kuna mdogo wangu mmoja, mtazamaji wetu, amefika huku wiki mbili zilizopita kuanza chuo. Ana homa, anatetemeka, na swali lake lilikuwa hili: "Dada, naweza kwenda hospitali wakati sijakata bima?" Nilimjibu palepale, nikampigia na simu. Lakini najua kuna wengine kama yeye wamejifunika blanketi sasa hivi, wanahesabu pauni zilizobaki kwenye akaunti.

Mdogo wangu, wewe bima umeshakata. Ulipokuwa unaomba viza mtandaoni kuna sehemu ulilipa ada ya afya, ile wanayoiita IHS. Tangu Februari 2024 mwanafunzi analipa pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, na zote zinalipwa mara moja kabla hujapanda ndege. Mimi nilikuja kusoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Viza yenyewe ina miezi kadhaa ya ziada, na kipande cha mwaka kisichozidi miezi sita kinahesabiwa nusu, kwa hiyo nililipa pauni 1,164. Kwa pesa yetu ya Tanzania ni zaidi ya milioni tatu na nusu. Anayekuja kwa shahada ya kwanza ya miaka mitatu anafika pauni 2,716. Hizo ni pesa ambazo mzazi ameuza kiwanja, au ukoo mzima umechangishana. (Viza ikikataliwa ada hiyo inarudishwa, hilo watu wengi wananiuliza.) Sasa inakuwaje mtu alipe milioni zote hizo halafu augulie chumbani akimeza Panadol?

Nauliza kwa uchungu kwa sababu ndicho nilichofanya mimi.

Nilifika Septemba 2024. Wiki moja kabla ya safari nilikwenda Muheza kumuaga bibi, nikalala kwake siku tatu. Chandarua kilikuwepo ila kilichanika, na mimi nikasema siku tatu tu si neno. Siku ya kumi na moja nikiwa huku nikaamka viungo vyote vinauma, kichwa kinagonga, mdomo mchungu. Ghorofa nzima walikuwa wanakohoa. Kila mwanzo wa mwaka wanafunzi wapya wanakutana kutoka pembe zote za dunia, mafua yanapitia kila mlango, na watu wamezoea kusema hayo ni mafua ya wageni, yatapita. Nikakubali. Lakini sikuwa na mafua wala kikohozi. Nilikuwa na homa inayopanda na kushuka, na baridi ile ambayo mtu aliyekulia kwetu anaijua hata akiwa usingizini. Nikainyamazia siku nne. Niliogopa bili. Nilishaona video za Marekani za watu kudaiwa mamilioni kwa kupandishwa gari la wagonjwa, nikadhani Ulaya yote ni hivyo.

Siku ya nne jirani yangu wa chumba cha pili, dada wa Kinigeria, akagonga mlango. Alipogusa paji la uso wangu hakuuliza kitu, akachukua simu akapiga 111.

Hiyo namba iandikeni. 111 ni bure, ipo saa ishirini na nne, na ni ya pale unapoumwa lakini hujui uende wapi. 999 ni ya hatari ya maisha: mtu hapumui, amezimia, damu haikatiki. Kwenye 111 wanakuuliza maswali kwa utaratibu, wanakuelekeza famasi, kwa daktari, au moja kwa moja hospitali. Kama Kiingereza kinakupiga chenga ukiwa na homa, sema unataka mkalimani wa Kiswahili. Hulipii. Usione haya, homa inafuta hata lugha uliyofaulu kwa alama za juu.

Mimi nilisema nina homa na viungo vinauma. Yule mama upande wa pili akauliza kama nimetoka nje ya nchi hivi karibuni. Nikamwambia Tanzania, siku kumi na tano zilizopita. Nikasikia sauti yake imebadilika. Akasema niende idara ya dharura muda huohuo, nisisubiri kesho.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Ukiumwa homa huku, neno la kwanza kutoka mdomoni mwako liwe nchi uliyotoka na tarehe uliyoondoka. Daktari wa kwetu akiona homa anawaza malaria kabla hujakaa kwenye kiti. Daktari wa huku anaweza kumaliza mwezi hajaona mgonjwa wa malaria hata mmoja. Si kwamba hajui, ila inabidi umpe njia. Mwaka 2023 Uingereza ilithibitisha wagonjwa wa malaria 2,004, na wote waliipata safarini. Homa inaweza kukuibukia wiki kadhaa baada ya kuondoka nyumbani, hata miezi, wewe umeshasahau mbu.

Hospitali pale mapokezi waliniuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, mahali ninapoishi na namba ya simu. Nilikuwa nimeshika pochi mkononi nikisubiri kuambiwa dirisha la malipo liko wapi. Hakuna dirisha. Wakauliza GP wangu, yaani daktari wa eneo ninaloishi, ni nani, nikasema sina. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki zaidi ya saa nne, na hilo nawaambia ukweli, kusubiri kupo, kwa sababu anayepitishwa mbele ni aliyezidiwa zaidi. Wakatoa damu. Usiku wa manane daktari kijana akaja, akachuchumaa karibu na kitanda, akasema ni malaria, nitalazwa.

Nesi alipoleta dawa nikageuza pakiti kusoma: artemether na lumefantrine. Mseto! Vidonge vinne vya njano, vilevile tunavyomeza zahanati, na glasi ya maziwa pembeni, maana dawa hii inataka mafuta ndiyo iingie vizuri mwilini. Nikalia. Si kwa maumivu. Nililia kwa sababu siku nne nzima nilikuwa nakaribia kufa na ugonjwa ninaoujua kwa jina, ugonjwa ambao nyumbani ningetobolewa kidole nikapata majibu chai haijapoa.

Nililala pale siku mbili. Sikudaiwa hata senti.

Tatizo likaja siku ya kuruhusiwa. Taarifa ya matibabu hutumwa kwa GP wako ili aendelee kukufuatilia. Mimi sina GP, basi nikapewa barua mkononi. GP ni daktari wa kawaida wa eneo unaloishi, na huku ndiye mlango wa mambo mengi. Kwetu ukitaka daktari wa macho au wa ngozi unakwenda moja kwa moja, mfuko wako tu. Huku rufaa nyingi zinapitia kwake, na foleni ya kumwona bingwa inaweza kuchukua miezi, kwa hiyo ukichelewa kujiandikisha umechelewa kila kitu.

Nikaenda kituo cha kwanza. Dada wa mapokezi akataka pasi ya kusafiria na bili ya umeme yenye jina langu. Mwanafunzi anayekaa hosteli bili ya umeme aitoe wapi? Nikarudi nyumbani nimeinamisha kichwa. Mshauri wa wanafunzi chuoni ndiye aliyenifungua macho: kwa mwongozo wa NHS ya England, moja ya nchi nne zinazounda Uingereza, kujiandikisha kwa GP hakuhitaji kitambulisho, wala uthibitisho wa makazi, wala karatasi za uhamiaji. Wanaweza kuziomba, lakini hawawezi kukukatalia kwa sababu huna. Wanaweza kukukatalia kama unaishi nje ya eneo lao au wamefunga orodha yao, na wakikataa wanapaswa kukupa sababu kwa maandishi ndani ya siku 14. Nikarudi, nikasema hivyo kwa adabu, taratibu, bila kupandisha sauti. Nikaandikishwa siku hiyohiyo. Vituo vingi sasa unajaza fomu mtandaoni, dakika chache umemaliza. Fanya wiki ya kwanza, kabla hata hujajua supamaketi ipo wapi. Ukijiandikisha uliza pia chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ile ya MenACWY. Kama hujawahi kuipata na hujafikisha miaka 25 unachomwa bure, na mabweni ndiko ugonjwa ule unakopenda kuenea.

Kupata nafasi ya daktari kuna vita yake. Simu zinafunguliwa saa mbili kamili asubuhi, ukipiga saa mbili na robo unaweza kukuta nafasi za siku zimeisha. Tangu Oktoba 2025 vituo vya England vinatakiwa kuacha maombi ya mtandaoni wazi siku nzima ya kazi, kwa hiyo jaribu njia hiyo. Na kwa vitu vidogo nenda famasi. Tangu Januari 2024 mfamasia wa England anaweza kukutibu mwenyewe magonjwa saba bila daktari: koo, sikio kwa watoto, sainasi, maambukizi ya mkojo kwa wanawake, na mengine matatu ya ngozi.

Dawa ndizo zenye malipo. Ukiwa England kila dawa unayoandikiwa ni pauni 9.90, na ni kila dawa moja, si kila karatasi. Dawa tatu ni pauni 29.70. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini hawalipi. Kama hali ni ngumu na akiba yako haivuki pauni 16,000, jaza fomu ya HC1, ile ya kuomba msaada wa gharama za afya. Wakikukubali kikamilifu wanakupa cheti cha HC2, dawa zinakuwa bure.

Sasa niseme na wenye selimundu, kwa sababu mnaniandikia sana na wengi mnaona haya. Mwenye kisukari cha dawa au kifafa hapa England anapewa msamaha wa kulipia dawa. Selimundu haimo kwenye orodha hiyo, orodha ambayo sehemu kubwa ni ya mwaka 1968. Naona ni dhuluma na nitalisema kila nikipata nafasi. Mpaka ibadilike, nunua kibali cha mwaka cha kulipia dawa kwa mkupuo: pauni 114.50, unachukua dawa zote za mwaka mzima, na unaweza kulipa kidogokidogo. Njoo na barua ya daktari wako wa nyumbani inayoeleza historia yako na dawa unazotumia kwa majina yake halisi, si majina ya pakiti. Na ninyi mnaotumia ARV, dawa hizo hazilipiwi na mtu yeyote, na siri yako inalindwa. Usiache dozi kwa sababu umehama nchi.

Wazazi, nina neno moja na ninyi. Novemba huku giza linaingia saa kumi jioni. Mtoto akikuambia hapati usingizi, hataki kula, haoni maana ya kuamka, usimwambie ni uchovu wa masomo, aombe tu. Aombe, na aende pia. Chuo kina washauri wa bure, na England mtu mzima anaweza kujipeleka mwenyewe kwenye tiba ya mazungumzo ya NHS bila rufaa. Wakati mwingine anachosubiri ni ruhusa yako.

Na wale mnaorudi nyumbani Krismasi: ukikaa huku mwaka mzima, ule ugumu wa mwili dhidi ya malaria unapungua. Unatua Dar ukijiona mwenyeji, mbu anakuona mgeni. Dawa ya kinga unanunua mwenyewe famasi, NHS hailipii, na chandarua cha bibi kishonwe kabla hujafika. Mimi cha Muheza nilishatuma hela kikanunuliwa kipya.

Yule mdogo wangu wa ujumbe wa juzi alikwenda. Majibu ya kwanza yametoka hayana malaria, lakini wamemwambia arudi kutoa damu tena, kwa sababu mdudu anaweza kujificha na kipimo kimoja hakitoshi. Alitaka kuacha, eti si wameshasema hana. Nimemwambia apande basi. Dakika ishirini zilizopita amenitumia picha ya kiti cha plastiki, ameshafika, anasubiri kuitwa.