Deni la Marehemu: Mfano wa Familia ya Fred Hollows

Wazee wangu, ndugu wafiwa, na ninyi walimu na wanafunzi wa shule ya wasioona mliosafiri tangu alfajiri, nashukuru kwa kualikwa kuzungumza katika arubaini ya mzee wetu. Familia imeniuliza imuenzi vipi baba aliyetumia mali na umri wake kuwahudumia wasioona. Nimechagua kujibu kwa mfano wa mbali, kwa kuwa wa mbali hatutauonea haya wala kuupendelea.

Fred Hollows alizaliwa New Zealand mwaka 1929, akawa daktari wa macho, akahamia Australia. Kati ya mwaka 1976 na 1978 aliongoza msafara uliozunguka mamia ya makazi ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, na kupima macho ya watu zaidi ya 100,000, ukitafuta hasa trakoma, yaani ule ugonjwa wa vikope ambao ukiachwa huikunja kope kwa ndani, nywele zake zikawa zinalikwaruza jicho mpaka linapofuka. Katika msafara huo alikuwemo mtaalamu kijana aliyeitwa Gabi, ambaye mwaka 1980 alikuja kuwa mke wake. Lishikeni jambo hili, maana mjane nitakayemtaja baadaye aliijua kazi ile kwa mikono yake na si kwa kusimuliwa mezani.

Miaka ya 1980 Hollows alifika Nepal, kisha Eritrea iliyokuwa vitani, ambako matabibu walikuwa wakipasua wagonjwa ndani ya mahandaki. Huko kote adui mkubwa wa macho alikuwa mtoto wa jicho. Tiba yake inajulikana: lenzi iliyoingia ukungu hutolewa, na mahali pake huwekwa lenzi ndogo ya plastiki. Lakini lenzi hiyo ilikuwa ghali, kwa hiyo maskini alitolewa ya kwake akapewa miwani mizito tu, na siku miwani ikivunjika shambani au kukaliwa na mtoto, alirudi kushikwa mkono kama zamani. Hollows hakutaka kuwapelekea watu hawa makasha ya msaada kila mwaka. Aliahidi kwamba lenzi zitatengenezwa Eritrea na Nepal kwenyewe, na wenyeji wenyewe. Wapo wafadhili ambao wangependelea makasha, kwa kuwa kasha hupigiwa picha; tuyaache hayo.

Ahadi hizo alizitoa huku saratani ikimla. Mwaka 1992 alitoka hospitali akasafiri hadi Vietnam, kwa sababu alikuwa amewaahidi madaktari wa huko kuwafundisha upasuaji wa kisasa. Mwaka huohuo mfuko wenye jina lake ulianzishwa nyumbani kwao Randwick, Sydney. Tarehe 10 Februari 1993 alifariki, akazikwa Bourke, mji mdogo wa bara alikokuwa akiwatibu Waaborijini, kama alivyotaka mwenyewe.

Gabi aliachwa na watoto watano, wote wadogo. Angeweza kutosheka na mazishi ya kitaifa, ambayo mumewe alipewa, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini ahadi ni deni, na sisi tunajua kwamba deni la maiti hutangulia kulipwa kabla warithi hawajagawana hata kikombe. Ndivyo mwanamke yule alivyofanya, ingawa yeye na mumewe hawakuwa watu wa fikihi yetu, yaani sheria ya Kiislamu. Alisimama mbele ya Waaustralia, akaendelea kuzichangisha fedha ambazo mumewe alikuwa ameanza kuzichangisha, na katikati ya miaka ya 1990 viwanda vya Asmara, Eritrea, na Kathmandu, Nepal, vilikuwa vinatoa lenzi. Bei ya lenzi moja ilishuka hadi chini ya dola 10. Baadaye mfuko huo ulifika hata kwetu Afrika Mashariki, ukafanya kazi Kenya, Rwanda na Burundi.

Sasa nirudi nyumbani. Nimesikia pendekezo la kujenga mnara wenye jina la marehemu langoni mwa shule. Sina ugomvi na mnara, ila wanafunzi hawa hawatausoma, labda jina lichongwe kwa nukta nundu, yale maandishi yanayosomwa kwa vidole, na hata hivyo karo haitakuwa imelipwa. Mzee aliahidi mengi: mashine ya kuandikia nukta nundu kwa huyu, fimbo nyeupe kwa yule, nauli ya kwenda kupasuliwa mtoto wa jicho kwa mama fulani ambaye pengine bado anaisubiri simu yake. Nyingine zilitimia, nyingine mauti yalizitangulia. Nimeambiwa na binti yake mkubwa kwamba alikuwa akiziandika zote katika daftari la jalada jeusi, na kila aliyoitimiza akaikata kwa mstari. Daftari hilo analo hapa. Namwomba asogee mbele, atusomee zile ambazo hazijakatwa.