Fundi Amesimama Kwenye Lenta, Anaomba Hela Nyingine

Habari zenu ndugu zangu. Swali ni lile lile kila wiki, kutoka kwa Watanzania walioko Muscat, Dubai, Minneapolis, wanaojenga nyumbani: "Boma limefika kwenye lenta (ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), fundi kasimama, anataka hela ya kuendelea. Nimtumie?" Wapo watakaosema watu wa nje tunajisifu kwa majumba, wengine watasema tunalalamika na hela tunazo. Mtu anayefanya shifti mbili ili anunue saruji hana cha kujisifia. Tuendelee.

Usitume. Pima kwanza.

Saiti nyingi zinakwama kwa sababu hela imeitangulia kazi. Fundi ana saiti tatu. Malipo yako ya mwanzo yamemalizia ya mteja aliyekutangulia, sasa anasubiri mteja mpya ili amalizie ya kwako. Ukiongeza hela leo, huenda inapaua nyumba ya mtu mwingine.

Kwa hiyo mlipe mkadiriaji majenzi, yaani mtaalamu wa kupima kazi na gharama za ujenzi, au fundi mwingine asiyejuana na huyo, aende siku moja na futi ya kupimia. Tofali za inchi 6, zenye urefu wa inchi 18 na kimo cha 9, zinaingia kama 10 kwa mita ya mraba, na za kuvunjika humo humo. Ukuta wa mita za mraba 200, ukishatoa milango na madirisha, ni tofali 2,000. Kama ulilipia 3,000, zile 1,000 ziko wapi? Jamvi, yaani zege la sakafu, la mita za mraba 100 lenye unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 10. Kwa mchanganyiko wa moja, mbili, nne (saruji, mchanga, kokoto) linakula mifuko 60 hadi 65 ya saruji ya kilo 50. Risiti za jamvi zikifika mifuko 110, ajieleze. Nondo ya milimita 12, urefu mita 12, ina uzito wa kilo 10 na nusu hivi. Ikisoma kilo 8 kwenye mizani, mmeuziwa nyembamba. Na mchanga usinunue kwa neno "tripu" tu, maana malori hayalingani. Pima bodi la lori: urefu, upana, kimo.

Aingie na stoo. Saruji yenye mabonge yasiyopondeka kwa vidole isiguse lenta. Nondo zilizochomoza kwenye nguzo zikiwa na kutu inayotoka kwa brashi ya waya, sawa. Ikibanduka magamba, muulize mhandisi.

Vipimo vikipatikana, andika notisi: kazi iliyobaki, tofauti ya vifaa, na siku 14 za kurudi saiti. Meseji zote za malipo zitunze, mahakama za Tanzania zinapokea ushahidi wa kielektroniki. Asiporudi, mfunge hesabu kwa maandishi, mbele ya mjumbe au wakili, kabla fundi mpya hajashika mwiko. Mkiwaingiza wawili bila kufunga hesabu, ukuta ukipasuka kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole.

Hapa ndipo makaratasi yanapochosha. Ndugu yako asikusainie mkataba wala kukusimamia kisheria bila hati ya uwakilishi, yaani karatasi ya kumpa mamlaka ya kutenda kwa niaba yako, na hiyo unaisaini mbele ya notari au ubalozini, kisha inasafiri mpaka nyumbani kusajiliwa. Ianze mapema. Na jamani, inaniuma tunavyowaita ndugu zetu wezi wakati hatukuwaachia hata nakala ya ramani, wala nauli ya kwenda saiti kule Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, mara mbili kwa wiki. Atasimamia nini?

Mkataba mpya utenganishe vifaa na ufundi. Vifaa lipia dukani moja kwa moja, kwa orodha ya hatua inayofuata tu. Ufundi ulipwe hatua ikiisha: lenta, kozi za juu (mistari ya tofali juu ya lenta), kupaua, plasta. Asilimia 10 ibaki mkononi mwako mpaka kipindi cha matazamio kiishe, yaani muda wa kuangalia kama kasoro zitajitokeza. Ukimtaka mkandarasi badala ya fundi wa mtaani, hakiki usajili wake Bodi ya Usajili wa Makandarasi, siyo kwa kadi aliyokupa.

Haya ni kwa nyumba ya chini, isiyo ya ghorofa, na kila mtu ana saiti yake na fundi wake. Wako anaweza kuwa mwaminifu aliyeuguliwa tu, mpigie umsikilize. Kama ni ghorofa, hesabu hizi hazikutoshi. Mwite mhandisi aione slabu kabla hata hujaandika hiyo notisi.