Mboga na Maua Juu ya Mawe: Bustani ya Uani, Jambiani

Assalamu alaykum mama zangu, dada zangu na kaka zangu mnaotutazama. Tupo Jambiani, kusini mashariki ya Unguja, na uani hapa mnapopaona leo tutatengeneza bustani ya mboga za kupikia na maua ya kunukia, vyote katika matuta yale yale. Mimi mboga na maua sivitenganishi, na sababu nitakuonyesheni tukifika kwenye kupanda.

Kabla hatujashika jembe, angalieni chini. Hili lote ni jiwe la matumbawe. Mtarimbo ukigonga unalia, na udongo ni huu mwekundu kidogo uliokaa ndani ya mashimo ya jiwe. Ndiyo maweni yetu. Wenzetu wa Kizimbani na wa mabonde ya Pemba wana udongo wa kina, wanachimba na kupanda. Huku ukichimba utavunja mpini bure. Kwa hivyo bustani tunaipandisha juu, na mawe haya haya ndiyo yatakayotubebea udongo. Msimsikilize anayesema maweni hakuoti kitu.

Kwanza pahala. Bamia, tungule, yaani nyanya, na bilingani zinataka jua kamili kwa muda wa saa sita kwa siku, au zaidi. Tazameni kivuli cha nyumba na cha minazi kinavyohama asubuhi, adhuhuri na alasiri, ndipo mweke alama. Chini ya mnazi wenyewe hapana, nazi ikidondoka haichagui. Halafu fikirieni upepo. Kusi likianza linatoka baharini moja kwa moja na limebeba chumvi, na chumvi hiyo inababua majani. Wekeni ua wa makuti upande wa bahari. Makuti yanapitisha upepo kidogo na kuupunguza kasi, wakati ukuta wa mawe unaurusha juu kisha unaanguka kwa nguvu nyuma yake, pale pale penye mboga zenu. Ua huo huo ndio utakaozuia mbuzi na kuku. Kama hamjapata ua, msinunue hata mbegu.

Sasa tunajenga kingo. Okoteni mawe yaliyozagaa, makubwa chini, madogo juu, bila ya saruji, maji yapate pa kutokea. Upana wa tuta usizidi mita moja na kidogo, ili mkono ufike katikati kutoka upande wowote bila ya kukanyaga ndani. Kimo chake shibiri mbili. Baina ya tuta na tuta acheni njia ya kupita mtu na ndoo yake. Mnaona hapa kingo nimezipinda kidogo kufuata mti wa mlimau? Si lazima tuta liwe mraba. Uani ni pahala tunapokaa na wageni, basi papendeze.

Hatua inayofuata ni udongo, na hapa naomba msiende mbio, maana kila kitu kinasimama juu yake.

Chini kabisa pangeni makumbi ya nazi, upande wa ndani ukiangalia juu. Yaroweni kwanza usiku mzima. Makumbi yananywa maji na kuyashika, na juu ya jiwe linalopitisha maji haraka namna hii hayo ndiyo yatakayookoa mimea siku za kaskazi. Juu yake tandazeni majani makavu, nyasi, na migomba iliyokatwakatwa. Kisha changanyeni udongo wa juu: ndoo tatu za huu mwekundu, ndoo mbili za mboji, ndoo moja ya samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyokwisha kuoza. Samadi mbichi msiitie, na ya kuku khasa, inaunguza mizizi. Iacheni kwanza mpaka ipoteze ule ukali wa harufu.

Mboji si kitu cha kununua. Maganda ya viazi na ndizi, majani ya chai, majani yaliyofagiwa, samadi kidogo, pangeni tabaka kwa tabaka kivulini, mwagieni maji na geuzeni kila baada ya wiki mbili. Baada ya miezi miwili au mitatu itakuwa nyeusi na itanukia udongo wa mvua. Na sisi watu wa pwani tuna mwani. Ukulima wa mwani wa biashara ulianza hapa Zanzibar mwaka 1989, na mpaka leo pwani hii mabaki yake yanatupwa na maji. Yaokoteni, yaosheni kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, au yaacheni yanyeshewe mvua mpaka chumvi itoke, ndipo myaingize kwenye mboji.

Vitu viwili ninakukatazeni hapa maweni. Cha kwanza, mchanga wa pwani: una chumvi, na sehemu kubwa yake ni vipande vya makombe na matumbawe. Cha pili ni jivu. Najua tumefundishwa na wazee kwamba jivu ni mbolea, na kule bara ya kisiwa kwenye udongo mchachu ni kweli linasaidia. Lakini udongo wa matumbawe umeshajaa chokaa, na jivu linaongeza yale yale. Matokeo yake mtayaona kwenye majani machanga: yanageuka manjano huku mishipa imebaki kijani. Mmea hapo unashindwa kuvuta madini ya chuma. Mkiyaona hayo, ongezeni mboji.

Maji. Yaonjeni ya kisima chenu kabla ya kumwagilia. Visima vingi vya karibu na pwani vina uchumvi, na unapanda zaidi wakati wa kiangazi. Mchicha unavumilia kidogo, maharage hayavumilii. Mkilazimika kuyatumia, mwagieni chini kwenye shina, msiyarushe juu ya majani. Lakini bora tegeni mvua. Bati lenye eneo la mita za mraba 50, ikinyesha mvua ya milimita 20 tu, linakupeni lita 1,000. Mfereji mmoja na pipa lenye kifuniko, kifuniko lazima kwa sababu ya mbu, na masika moja inajaza mapipa yote mliyonayo. Mwagieni alfajiri au jioni, kisha funikeni udongo kwa nyasi kavu.

Tupande sasa. Tungule na bilingani zinaanzia kitaluni. Mimi mbegu za tungule nazitia mwezi wa Mei, masika inapoelekea kumalizika, ili baada ya wiki nne hivi, miche ikifika kimo cha kidole kirefu, niiatike kwenye baridi ya kipupwe. Tungule iliyopandwa katikati ya masika majani yanaoza kwa ukungu, na iliyopandwa kwenye joto la kaskazi inaangusha maua. Atikeni jioni, miche iachane sentimita 60, na kila mmoja muuwekee kijiti cha kuuegemeza siku hiyo hiyo. Bamia irowekeni usiku mmoja na mpande moja kwa moja tutani, tundu moja mbegu mbili. Mchicha mbegu zake ni ndogo mno, changanyeni na udongo mkavu ndipo mnyunyize, usije ukaota mahali pamoja ukasongana. Mtoriro, mboga yetu ya majani inayotambaa, ndio rahisi kuliko vyote: kata ukambaa wa shibiri moja na nusu, fukia nusu yake, mwagia. Basi.

Na maua? Hapa ndipo nilipokuahidini sababu. Mrehani na alizeti vinaita nyuki, na nyuki ndio wanaotubebea chavua ya dodoki, tango na boga. Dodoki lenyewe lipandisheni juu ya ua wa makuti, maua yake ya manjano yanapendeza asubuhi, na tunda tukilichuma changa ni mboga nzuri sana ya nazi. Na mboga zenyewe ni maua, tazameni: ua la bamia la manjano lenye kiini cheusi cha zambarau, ua la bilingani la urujuani, na mchicha mwekundu. Warefu wakae nyuma, bamia na alizeti. Katikati bilingani na pilipili. Mbele kwenye kingo mrehani na marigodi, na mtoriro uachwe uteremke juu ya mawe.

Marigodi wanasema inafukuza minyoo fundo, ile inayofanya mizizi ya tungule iwe na vinundu. Ni kweli, ila miche miwili mitatu pembeni haitoshi. Jazeni tuta zima marigodi kwa miezi miwili au mitatu, kisha ing'oeni, na ndipo mpande tungule.

Asumini ipeni kona yake karibu na mlango, penye jua na pasipo upepo wa bahari. Kateni kijiti cha shibiri moja kisicho kichanga sana wala kikavu, ondoeni majani ya chini, chomekeni kwenye kopo lenye mboji na muweke kivulini mpaka kiote mizizi. Asumini inachanua kwenye matawi mapya, kwa hivyo kila inapomaliza kuchanua ipunguzeni bila ya huruma. Vitumba vyake chumeni magharibi, jua likizama, kabla havijafunguka, hivyo ndivyo vinavyotungika. Asumini, mrehani na waridi mkiwa navyo uani, kikuba cha harusi, kile kifungu cha maua ya kunukia, hamnunui sokoni. Mlangilangi nao mtu ataupenda, lakini ni mti mkubwa, usipandwe karibu na nyumba.

Wadudu hawakosi. Chini ya majani ya bamia mtakuta vidukari na inzi weupe. Twangeni kilo moja ya majani ya mwarobaini, rowekeni kwenye lita tano za maji mpaka asubuhi, chujeni, tieni sabuni kidogo, kisha nyunyizeni jioni, chini ya majani khasa. Rudieni baada ya wiki. Konokono wanajificha kwenye matundu ya mawe yetu, watokeeni usiku na kurunzi muwaokote kwa mkono, na muvae glavu au mfuko wa plastiki.

Kuchuma. Mchicha wiki ya tatu au ya nne mnaanza kuupunguza, baadaye mnakata juu na unachipua tena. Bamia, kuanzia miezi miwili hivi, chumeni kila baada ya siku moja, ikiwa na urefu wa kidole. Mkiiacha inakuwa mti, na mmea unaona umeshazaa, unapunguza kutoa. Ni bora kumgawia jirani kuliko kuiacha ikomae.

Mche mmoja wa bamia ulio mzuri kuliko wote ufungeni kitambaa, na matunda yake yaacheni yakauke juu yake kwa ajili ya mbegu. Na tungule zikimalizika, tuta lile msirudishie bilingani wala pilipili, ni ukoo mmoja na magonjwa yao ni mamoja. Ongezeni ndoo mbili za mboji, maana udongo utakuwa umeshuka, kisha wekeni kunde au mchicha.