Anayechekwa Ana Mdomo?

Shikamooni wakubwa. Vijana, habari za jioni.

Kwenye tangazo waliandika kwamba nitazungumzia filamu nne. Nawaambia mapema kwamba muda mwingi utaishia kwenye ya kwanza, kwa sababu ina jambo ambalo nimelisema kila nilipopewa kipaza sauti, na bado naona watu wanalipita tu.

Jambo lenyewe ni hili. Ukirudia kuangalia kichekesho ulichokipenda ujanani, usijiulize kama bado unacheka. Kucheka utacheka, hata mazoea yanachekesha. Jiulize kama yule anayechekwa ana mdomo. Sisi hili tunalijua bila kufundishwa, tunaliita utani. Mngoni anamwambia Mhehe maneno ambayo mtu baki akiyatamka zinapigwa, tena anayasema msibani, jeneza halijatoka. Inawezekana kwa sababu Mhehe naye atajibu, na pengine atajibu kwa ukali zaidi. Ukimtania mtu asiyeruhusiwa kujibu, huo si utani tena, unamwonea.

Sasa twende kwenye *The Gods Must Be Crazy*, ya Jamie Uys wa Afrika Kusini, mwaka 1980. Ile ya chupa ya soda inayodondoka kutoka kwenye ndege. Hadithi siisimulii, mmeiona wote.

Mimi niliiona Mtoni, Temeke, mwishoni mwa miaka ya 1990, kwenye kibanda umiza. Mabenchi ya mbao, magunia madirishani kuzuia mwanga, joto la kukamua shati, televisheni moja juu ya meza, na pembeni ya deki kijana mwenye maiki. Waliosikiliza mikanda ya Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa filamu, wanaijua kazi hiyo. Mtafsiri hakutafsiri neno kwa neno. Alisimulia, alitania, aliongeza chumvi, alimpa kila mtu sauti yake. Basi ikafika pale N!xau, Msan aliyeigiza yule mwindaji wa porini, anaposimama mbele ya hakimu kwa kosa la kumpiga mbuzi wa watu mshale. Kijana wa maiki akamsemea hivi: "Mheshimiwa, huyu mbuzi hana jina lako, na mimi nina njaa. Shuka huko juu tule wote." Kibanda kililipuka. Mzee mmoja nyuma yangu alipiga benchi kwa kiganja, akapaza sauti: "Mjibu huyo! Mjibu!"

Kwa miaka zaidi ya 20 nimeisifu filamu ile kwa sababu ya kauli ile.

Mwezi uliopita nikaiangalia tena nyumbani, Tabata, na mpwa wangu wa darasa la sita. Safari hii ilikuwa ya Kiingereza chake chenyewe, hakuna maiki. Ikafika sehemu ya yule mtafiti na Land Rover lake bovu. Breki hamna, akizima injini haliwaki, na mbele kuna geti la kufungua. Anaruka, anakimbilia geti, gari linaanza kuteleza, anarudi mbio, anatafuta jiwe. Mtoto alianguka kutoka kwenye kochi, na mimi nikacheka naye machozi yakanitoka. Uys alipiga picha kwa kasi ndogo ya kamera, zikionyeshwa kwa kasi ya kawaida watu wanakimbia kuliko binadamu, ujanja uleule uliotumika tangu enzi za filamu za Chaplin. Na nani kati yetu hajawahi kumwona konda wa daladala akiruka na jiwe mkononi kuwahi tairi la nyuma? Sehemu ile haijachuja hata kidogo. Anayechekwa pale ni mwenye gari, mtu mwenye elimu na kauli, na filamu nzima inampa nafasi ya kujieleza.

Halafu akaja N!xau. Mtoto akanyamaza, akauliza: "Mjomba, mbona huyu baba anasemewa? Yeye mwenyewe anasema nini?"

Sikuwa na jibu. Porini anasemewa na msimulizi wa Kiingereza, mahakamani anasemewa na mtu mwingine. Nikarudisha nyuma mara tatu nikiitafuta ile kauli ya mbuzi. Haimo. Ilitungwa Mtoni. Mdomo ule alipewa na kijana wa Temeke ambaye hata jina lake halikuandikwa popote.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni: mwalimu, hicho ni kichekesho tu, tena cha zamani, watu wa wakati ule hawakujua. Hapana, walijua! N!xau alitoka Tsumkwe, Namibia. Miaka ileile watu wa kule walikuwa wamevaa nguo, wanakula unga wa mgawo wa serikali, na vijana wao wanaandikishwa katika jeshi la Afrika Kusini. Mmarekani John Marshall, aliyekuwa akiwapiga picha watu hao tangu miaka ya 1950, alitoa filamu yake mwaka uleule wa 1980, na ndani yake unawaona watu wa Uys kazini wakielekeza wenyeji cha kufanya. Halafu Uys anakuja kutuambia hawa ni watu wasiojua pesa wala ugomvi. Na tusiwatazame Makaburu peke yao. Wahadzabe wako hapa kwetu, pembezoni mwa Ziwa Eyasi. Mara ngapi tumemwona mchekeshaji amevaa ngozi, anatoa milio ya mdomo, ukumbi mzima unacheka, na hakuna Mhadzabe mmoja ukumbini wa kumjibu?

Naonyeshwa saa. Haya, haraka haraka.

*Coming to America*, 1988. Ile sehemu ya kinyozi! Eddie Murphy na Arsenio Hall wamebandikwa sura za wazee na mpambaji Rick Baker, wazee wanabishana habari za ndondi, hakuna anayekubali kushindwa kwa maneno. Ule ni utani kamili. Lakini yule bibi harusi wa Zamunda anaambiwa abweke kama mbwa, anabweka, basi. Hapo imechuja, na mwenzangu asinitetee mila za kifalme za nchi isiyokuwepo.

*Osuofia in London*, 2003. Nkem Owoh anatoka kijijini, London inamshangaa na yeye anaishangaa London, kila mmoja anamwona mwenzake kituko. Imesimama.

Ya nne si filamu moja, ni mchekeshaji wetu King Majuto, na nilitaka kumpa nusu saa nzima. Niseme tu kwamba vijana mnamhukumu kwa vipande vya dakika moja kwenye simu, na vipande hivyo vinakatwa palepale anapotaka kujibiwa. Mzee yule kutoka Tanga alikuwa mbishi, na mke au mtoto alimbishia vilevile. Tafuteni filamu nzima, mkae na wazazi wenu.

Sasa naomba taa za mbele zizimwe. Tutaonyesha ile sehemu ya mahakamani, sauti imezimwa kabisa. Huyu binti aliyekaa karibu na spika amekubali kushika maiki na kumsemea N!xau. Hajaandika kitu, atayatoa kichwani. Karibu mama, usiogope, wapo watakaokubishia.